Madaha ya Bi Lorraine

Siku tuliyomwandikisha binti yetu Tessa kwenye klabu ya kuteleza kwenye barafu, mwenyekiti wao, Bi Lorraine, alitupokea kama ombaomba. Alivitazama viatu vya Tessa vya kutelezea, alivyorithi kwa binamu yake, akabetua midomo.

"Hivi ni vya hoki ya barafu, mama. Hapa tunateleza kwa madaha, hatupigani."

Kisha akatusomea masharti, kidole juu. La kwanza: mzazi haongei na mtu anayeingia kwenye barafu. "Hata akianguka, fyata ulimi!"

Masharti yalipokwisha, akavua koti. "Haya, tazameni watu wanavyoingia."

Nikaona vifuniko vya plastiki bado vimeng'ang'ania makali ya chuma chini ya viatu vyake. Hata mtoto wa miaka minne hapa mjini anajua kuvivua kabla ya kukanyaga barafu. Mume wangu, Doug, akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Bi Lorraine akaingia kwa maringo, akatua kwa makalio, puu!

"Mlikuwa mnaona! Mbona hamkusema?"

"Tulifyata ulimi, mama," nikamjibu. "Halafu tulidhani ndiyo madaha yenyewe."