Koo la Fundi

Mtaa ule ulikuwa na mafundi cherehani watano, na wanne kati yao walijua kusema "njoo kesho" bila kupepesa jicho. Wa tano, mwanamke mrefu mwenye mkono mwepesi, hakuweza. Kama nguo haijakatwa, alimwambia mteja haijakatwa, na mteja akaondoka amenuna. Akijaribu kudanganya koo lilimwumbua: lazima ameze mate kwanza, koo likapanda na kushuka mbele ya watu.

Dukani alivumiliwa. Bwawani tabia hiyo ilimponza. Alikuwa na mwaka wa pili katika kundi la kati, la wasio wanafunzi wapya wala mabingwa, la polo ya maji, mchezo wa kufunga magoli kwa mkono bwawani, na kukanyaga maji ili asizame alijua hasa, kifua chote nje. Lakini kundi la kati si la kutupa mpira tu. Unauinua kana kwamba unatupa, golikipa anaruka, na anapoanza kushuka ndipo unatupa kweli. Chenga, basi. Na kila alipotaka kupiga chenga, fundi alimeza mate.

Golikipa wa timu yao alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyelijua koo lile tangu siku fundi, akiwa bibi harusi, alipoulizwa kama chai ya mama mkwe ina sukari ya kutosha.

Mechi ya Jumamosi ya wiki iliyofuata ilibakiza nafasi moja. "Wiki ijayo nakupa mitupo mitatu," kocha alimwambia. "Mfunge wifi yako hata mara moja, kofia namba saba ni yako. Ukishindwa, utakaa na mataulo kama mwaka jana. Na kuanzia leo, kila siku mdanganye mtu mmoja. Hayo ni mazoezi."

Fundi aliitaka kofia ile mpaka roho inamuuma. Kofia zote za timu ni yeye aliyezishona kamba, na hakuwahi kuvaa hata moja kwenye mechi.

Akaanza na wifi. "Gauni lako njoo kesho," alisema, akameza mate. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Kwa aibu fundi akaacha kazi nyingine zote, akalishona, na kesho yake likawa tayari. Uongo wake wa kwanza ukaharibika hivyo.

Siku ya mitupo ilifika. Wa kwanza: akainua mpira, koo likapanda, wifi hakutikisika, mpira ukamfikia kifuani. Wa pili vilevile. Wifi aliudaka kwa mkono mmoja, akauliza kama pindo la gauni linaweza kufupishwa kidogo.

Kwa wa tatu fundi alikata tamaa. "Wifi, nimechoka. Naupiga kulia kwako."

Alisema kweli tupu. Ila wenzake waliokuwa wakifukuzana pembeni walirusha maji, yakamjaa kinywani, na kwa kuwa mpira ulikuwa tayari juu na hapakuwa na muda wa kuyatema, akayameza. Koo likapanda, likashuka. Wifi akaliona, akatabasamu, akajirusha kushoto kwa nguvu zake zote. Mpira ukaingia kulia, palepale ulipoahidiwa.

Kocha aliichukua ile kofia. "Nimefundisha miaka kumi," alisema, "chenga ya koo sijapata kuiona. Ulipanga?"

Fundi aliitazama kofia mkononi mwa kocha. Namba saba, kamba alizozishona mwenyewe kwa uzi mara mbili.

"Nilipanga, kocha," alisema, akameza mate.

Kocha alikuwa ameinama anaandika jina, hakuona kitu. Wifi aliona. Fundi akangoja kuumbuliwa. Wifi alimsogelea, akaichukua kofia, akamvalisha na kumfunga kamba chini ya kidevu, taratibu.

"Jumamosi uinamishe kidevu, wifi," alinong'ona. "Golikipa wao asije akaliona koo."