Samaki Wapo Ndege Wapo Kiboko

Kalista alikuwa hajawahi kulala na bidhaa. Perege aliowakaanga pale Migoli waliisha kabla mafuta hayajapoa, na abiria wa mabasi ya Dodoma walimwita kwa jina kupitia madirishani. Kwa hiyo yeye na mdogo wake Tadeo walipokubaliana kuuza eneo waliloachiwa na mama yao kando ya bwawa la Mtera, hakuona sababu ya kutafuta dalali. Mdomo anao, simu anayo, dalali wa nini?

Lakini hakuwa tayari kumuuzia kila mwenye pesa. Pale eneo linapokutana na maji ndipo ulipo mwalo. Mitumbwi huegeshwa hapo, na Kalista na wenzake wenye mabeseni hununua samaki hapohapo. Tadeo, aliyehamia Nyololo kuuza vipuri vya malori, alikwisha kupata mteja wake, mtu mmoja wa Iyunga kule Mbeya, na mtu huyo alisema wazi kwamba akinunua atazungusha ukuta mpaka majini. Sheria ya kuacha mita sitini ipo, ila sheria inakaa mjini na ukuta ungekaa Migoli. Ukuta ukisimama, mwalo umekufa, na biashara ya Kalista imeufuata.

"Dada, nakupa mpaka Jumamosi," Tadeo alimwambia kwenye simu. "Ukikosa mtu, namleta wangu."

"Jumamosi njoo umevaa vizuri," Kalista alimjibu. "Tutapiga picha na mnunuzi."

Akapiga picha ya bwawa asubuhi maji yametulia, akaandika tangazo kwenye kundi la WhatsApp. Sasa, Kalista na nukta hawakuwahi kujuana, na mkato alikuwa hajaonana nao tangu shule ya msingi. Aliandika hivi: *Eneo linauzwa Migoli kando ya maji mtumbwi unafika mlangoni samaki wapo ndege wapo kiboko.* Hilo neno la mwisho lilikuwa sifa tu, kama vijana wa stendi wanavyosifia gari lenye mbio au chipsi zilizoiva vizuri. Kiboko, yaani halina mpinzani.

Kabla jua halijazama, jibu likaja. Aliyeandika alikuwa Shamsha wa Iringa mjini, ambaye familia yake imeuza vitambaa karibu na soko tangu enzi za babu yake. Alitaka mahali pa kuweka mahema ya wageni na boti ya kuwatembeza. "Hicho ndicho ninachokitafuta," aliandika. "Jumamosi nakuja."

Kalista alifurahi, halafu akakumbuka aibu yake.

Eneo lile lilikuwa na kiboko wa kweli, dume lenye shingo kama gogo. Mchana alijilaza kwenye kina upande wa magharibi, na jioni alipanda nchi kavu kula majani kwa njia aliyoichimba mwenyewe kwa miguu yake. Alikwisha kula mahindi ya nusu ya kitongoji. Nani atanunua ardhi yenye jirani wa namna hiyo? Kalista hakulia wala kuomba ushauri. Alishika ufagio. Wiki nzima alifagia nyayo, akazoa kinyesi kwenye viroba na kukimwaga kwenye bustani yake ya mchicha, kisha akaiziba ile njia kwa matawi ya migunga yenye miiba. Alipomaliza, akamwendea Nkuba, mvuvi wa Kisukuma ambaye baba yake alishuka na ng'ombe kutoka kaskazini.

"Jumamosi utatupeleka na mtumbwi, upande wa mashariki tu," alimwambia. "Ukiulizwa, kiboko hakuna."

"Na mtumbwi wangu uliopasuka, mama?"

"Uligonga jiwe."

"Jiwe lenye meno," alisema Nkuba, lakini akakubali.

Jumamosi Shamsha alishuka garini na kofia pana na darubini shingoni, akasalimia "Kamwene" kama mtoto yeyote wa Iringa, na Kalista akampenda papo hapo. Alimzungusha eneo zima akimsifia upepo, kivuli na jinsi barabara ya lami ilivyo karibu. Tadeo alibaki ufukweni amevaa vizuri, simu mkononi. Nkuba aliwapeleka kwa mtumbwi upande wa mashariki, kama alivyoelekezwa, na ndege aina ya mwari wakaruka kundi zima mbele yao. Shamsha aliwatazama kidogo tu. Darubini yake ilirudi kwenye maji, ikapekua huku na huku, na kila ilipopekua uso wake ulizidi kukunjamana.

Kalista akadhani mgeni ana hofu. Waliporudi nchi kavu akaamua kuiondoa.

"Dada Shamsha, toa wasiwasi. Kiboko hapa hakuna. Hata unyayo wake hutauona."

Shamsha alishusha darubini. "Hakuna kabisa?"

"Kabisa. Muulize Nkuba."

Nkuba aliangalia kasia lake. "Mimi niseme hakuna," alisema.

"Lakini wewe mwenyewe uliandika." Shamsha alitoa simu akasoma kwa sauti, akiweka nukta ambazo Kalista hakuziweka. "Samaki wapo. Ndege wapo. Kiboko." Akairudisha simu mkobani. "Mimi nimemfuata huyo kiboko, dada yangu. Wageni wangu wengi hawana muda wa kufika Ruaha. Nataka wamwone wakiwa wameshika vikombe vyao vya chai. Bila yeye hapa ni pazuri, sikatai, ila pazuri pako pengi."

Akashukuru kwa adabu, akaanza kupanda kuelekea kwenye gari. Tadeo alikuwa ameshaweka simu sikioni.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kalista ilikuwa fupi kuliko zote: ilianzia mdomoni mwake ikaishia kwenye tangazo lake mwenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Angeweza kunyamaza na kumwacha mama wa watu aende, heshima yake mwenyewe ibaki. Kisha aliangalia mwalo, akaona mabeseni ya wenzake yamepangwa mchangani yakingoja mitumbwi.

"Yupo," alisema.

Shamsha aligeuka. "Nani?"

"Kiboko. Nilimficha."

"Kiboko anafichwaje?"

"Kwa ufagio."

Nkuba alikohoa. "Sasa mama, mimi niseme lipi?"

"Sema kweli."

"Basi jiwe lina meno," alisema Nkuba, na akamwonyesha Shamsha kiraka kwenye ubavu wa mtumbwi wake.

"Mara hayupo, mara yupo," alisema Shamsha. "Nikuamini lini?"

Kalista alikwenda kwenye matawi ya migunga akaanza kuyavuta moja moja, miiba ikimchoma, mpaka njia ikafunguka. Ilikuwa na mifereji miwili iliyokwenda sambamba, na katikati ukingo wa majani ambao tumbo la kiboko lilikuwa limeusugua. Vichaka vya pembeni vilikuwa vimerushiwa kinyesi mpaka usawa wa kifua. Chini alifagia, juu hakukumbuka.

"Mabaya yake nayo uyajue," alisema. "Jioni anapita hapahapa, habadilishi. Usisimame kati yake na maji. Hema usiweke hapa, wala kibanda. Hata ukijenga ukuta atau..."

Macho yake yaliifuata njia kuteremka, na ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mwalo. Wiki nzima amefagia, na alichokuwa akikifagia ni mlinzi wake mwenyewe. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Ataubomoa," Shamsha alimmalizia. "Kwa hiyo njia hii lazima ibaki wazi mpaka majini."

"Lazima."

"Na hao wenye mabeseni?"

"Mchana njia ni yetu, jioni ni yake. Hatujawahi kugombana."

Shamsha aliinama, akagusa unyayo mmoja ulionusurika na ufagio, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike. "Twende kwa mtendaji wa kijiji," alisema. "Hilo la njia liandikwe kwanza kabla ya mengine yote."

Tadeo akawafuata ameshika simu kama kitu kilichoharibika. "Yule wa Iyunga ameuliza mnabishania nini. Nikamwambia kiboko. Amekata simu."

"Msalimie," alisema Kalista.

"Dada, lile tangazo lako ulifute," alisema Tadeo. "Limempotosha mtu."

Kalista alilifungua, akalisoma polepole tangu mwanzo mpaka mwisho, akampa simu aone mwenyewe.

"Nitalifuta kwa sababu tumeuza," alisema. "Lakini neno la uongo humo, nionyeshe hata moja."