Bei ya Ndizi Ikishuka

Atuganile, mwanafunzi wa kidato cha sita, alirudi likizo kijijini kwao Ikuti na swali la mwalimu wake wa uchumi: bei ya ndizi ikishuka, watu watanunua mikungu mingapi? Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza. Wengi walimkodolea macho tu. Ikuti ndizi mtu anakata shambani kwake. Anayenunua ni yule ambaye migomba yake imekufa.

Asubuhi yake, kabla hata chai haijachemka, jirani yao Bibi Ndimyake akapiga hodi, mkungu kichwani.

"Pole, mjukuu wangu. Nasikia mnatafuta ndizi za kununua. Migomba yenu imepatwa na nini?"

Kufika mchana baraza ilikuwa imejaa mikungu, na mama yake amefura kwa hasira. "Umetutangazia njaa kijiji kizima!"

Lakini Atuganile alikuwa anaikodolea macho grafu yake. Kitabu cha uchumi kilisema bei ikiwa sifuri, hakuna atakayeleta mzigo. Sasa hii mikungu aichore wapi?

Mama akaitazama mikungu, akaitazama tena, hasira ikaanza kumwisha.

"Kesho," akasema, "kaulize bei ya ng'ombe."