Mashine Iliyofukizwa Udi

Chakacha. Chakacha-chakacha. Kisha kimya.

Maisara alifumbua macho gizani. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, stima ilikuwa imekatika, na feni ya dari ilikuwa imesimama kimya. Nabiha, bintiye wa miaka sita, alilala kando yake akiwa amemtupia mguu tumboni. Sauti ile ilitoka chini ya meza. Panya wa nyumba hii Maisara aliwajua, wana vishindo. Hii ilikuwa miguu myepesi, mingi, inayotembea juu ya bati, mfano wa mtu anayefungua peremende kwa siri asije akaombwa.

Ilitoka ndani ya kompyuta.

Aliwasha tochi ya simu, akainama, akamulika matundu ya nyuma. Katika tundu moja kulichomoza sharubu mbili za mende, zikawa zinapapasa hewa. Zikapapasa huku, zikapapasa kule, kisha zikarudi ndani polepole, kama mwenye nyumba aliyechungulia dirishani akaona wageni si wa kwake. Maisara alikumbuka kwamba jana, baada ya kubofya kibodi ile, alishika mkate wa mofa kwa vidole vivyo hivyo, akala. Alikwenda uani kunawa mikono, akanawa mpaka kipande cha sabuni kikamponyoka.

Kompyuta hiyo alipewa na shemeji yake, Abdulbasit, kaka mkubwa wa mumewe. Mumewe, Mzamil, yuko Doha, dereva. Abdulbasit yuko hapahapa Mombasa, ana ofisi ya kutoa mizigo kule Mbaraki na kanzu iliyopigwa pasi kila siku ya Mungu. Aliingia ukumbini na hamali aliyebeba ile mashine kuukuu, akamwambia Maisara ashike upande mmoja naye akashika wa pili, picha ikapigwa. Hamali hajamaliza maji aliyopewa, picha ilikuwa imeshafika kwenye kundi la ukoo: "Alhamdulillahi, tumejaaliwa kusaidia elimu ya wake zetu." Mashangazi wakamiminia dua.

"Ukiifufua hiyo, shemeji," alisema akipangusa vidole kwa kitambaa, "nitakuita daktari."

Na hapo ndipo penye kisa. Nyumba yao ya Mji wa Kale ina chumba cha mbele, chenye mlango wake wa kufungukia njiani. Maisara, aliyehitimu masomo ya jioni ya kompyuta, alikitaka chumba hicho awafundishe wanawake wa mtaani, wale ambao hata kuomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto humpelekea kijana wa duka la kompyuta awaandikie, pamoja na siri zao zote. Abdulbasit alikitaka aweke magurudumu ya magari. Mwenye nyumba, Bi Mwanaesha, ambaye ni mama wa Abdulbasit na mavyaa wa Maisara, alichoka kuvutwa kanga huku na huku, akakata shauri.

"Ijumaa, baada ya chakula. Leta kidude chako cha kufundishia; kikizungumza, chumba ni chako. Kisipozungumza, Abdulbasit alete magurudumu yake. Na sitaki kusikia tena."

Siku ya pili ndipo Abdulbasit alipoleta zawadi. Maisara hakuhitaji kuelezwa. Mtu humpa mshindani wake farasi aliyekufa, kisha humwambia twende mashindanoni.

Mfumo wa kuiendesha kompyuta uliokuwamo ulikuwa umeoza. Mashine ilichukua muda wa kupika maharage kufika kwenye picha ya kwanza, kisha ikaganda. Aliyemwokoa ni Mwalimu Wanza, aliyemfundisha darasa la jioni kule karibu na Makupa. Alimpa flashi ndogo isiyozidi ukucha.

"Mfumo huu hauna mwenye duka," Wanza alimwambia. "Unaitwa Haiku. Umeandikwa na watu wa nchi mbalimbali, kila mtu kwake, akitoka kazini, kwa mapenzi tu. Ni mwepesi. Hata mkongwe kama huyo wako ataubeba."

Maisara alilipenda neno hilo, akitoka kazini. Basi nao ni watu wa jioni, kama yeye, aliyekuwa akimlaza mtoto mapajani huku akijifunza. Jumatano alichomeka flashi, akabonyeza. Vijipicha vikatokea mstari mmoja kwenye skrini, vikawaka kimoja baada ya kingine mpaka cha mwisho, cha roketi, na papo hapo uwanja mzima ukafunguka, safi, samawati. Alipiga kigelegele peke yake.

Lakini mashine ikapata joto, na joto likaamsha yaliyomo. Harufu ikatoka matunduni, tamutamu, ya mafuta yaliyochacha, na chini yake mkojo wa panya. Bi Mwanaesha akasimama mlangoni na upindo wa kanga puani.

"Ni nani aliyefia humu?"

"Mama, imezungumza! Njoo uone."

"Imezungumza, nimeisikia. Lakini mdomo wake wanuka. Chumba kile ndimo nilimowaoza wanangu, Maisara. Siingizi mzoga mimi."

Basi alfajiri hii, akiwa na mikono inayonuka sabuni, Maisara alijua jambo la pili. Mzoga ule ulikuwa na wakazi.

Alhamisi alasiri, kama kila Alhamisi, Bi Mwanaesha alikoleza makaa kwenye chetezo ili aifukize nyumba. Maisara akatazama moshi unavyopanda, akawaza. Nguo iliyotoka matangani hufukizwa ikatulia. Godoro la mtoto hufukizwa. Hata kanzu za Mzamil, zilizokuwa zikirudi na harufu ya dizeli, zilitoka kwenye udi zikawa kanzu za bwana harusi. Kwa nini bati lishindwe?

Alifungua skrubu kwa kisu cha siagi, akavua ubavu mmoja wa mashine, akaisimamisha uani juu ya matofali mawili, chetezo chini, kapu kubwa juu, na leso kuukuu juu ya kapu, vilevile nguo zinavyofukizwa.

"Tia ubani na udi," alisema Bi Mwanaesha, ambaye alikuja kucheka akabaki kusimamia. "Tia tena. Usiwe bahili, huo si uvundo wa mtu mmoja."

Wakatia. Moshi ukajaa. Kisha leso ikaanza kutikisika.

Walitoka. Walitoka chini ya kapu kama watu wanaotoka msikitini siku ya Idi, wakubwa mbele, wadogo nyuma, wekundu, wanaong'aa, wengine wakiburura mifuko ya mayai nyuma yao. Maisara aliruka juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, akajitia upindo wa leso mdomoni. Nabiha ndiye aliyefurahi. Alinyakua kopo tupu la maziwa ya unga, akawa anawakinga ukutani.

"Mama, huyu ana ndevu! Mama, huyu amebeba mkoba!"

"Tupa! Nabiha, tupa hivyo!"

"Si vyako. Ni vya ami Abdulbasit," Nabiha alisema, akalifunika kopo.

Moshi ulipokwisha, Maisara alivaa mfuko wa plastiki mkononi akatoa yaliyobaki: maganda ya mayai ya mjusi, kiota cha panya kilichosukwa kwa risiti za ofisi, kijiti cha mshikaki. Alipoipindua kibodi na kuigonga, zikamwagika kucha. Kucha za watu, zilizokatwa, za manjano, zilizopinda. Mtu alikuwa akikaa mezani Mbaraki, akikata kucha zake juu ya herufi. Alitapika pale pale, kwenye mfereji wa maji, huku mavyaa wake amemshika paji la uso.

Harufu ilikwisha kweli. Mashine ilinukia kama chumba cha bibi harusi. Maisara akachomeka flashi, akabonyeza. Feni ya ndani ikanguruma, ikakohoa, ikakwama. Vijipicha viwili vikawaka, kisha skrini ikawa nyeusi.

Ubani ni utomvu. Moshi wake ulikuwa umelowea katika vumbi la miaka ndani ya feni, na vumbi lile likawa lami.

Wote wawili walikaa wakiitazama.

"Tumemuua," alisema Maisara.

"Alikuwa amekufa na uchafu, sasa amekufa na manukato," alisema Bi Mwanaesha. "Afadhali. Maiti husitiriwa." Lakini hakucheka, na Maisara aliona kwamba naye alikuwa ametamani.

Ijumaa asubuhi alianza upya. Spiriti, pamba, mswaki mkuukuu, pini ya nywele. Aliing'oa ile feni, akaiweka mapajani juu ya gazeti, akasugua ubapa mmoja baada ya mwingine. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kinanata, kinavutika, na ndani yake miguu ya mende imeganda kama lozi kwenye halua. Kila aliposema sasa basi, pini ilileta kingine. Nywele. Ubawa. Naye hakuacha.

Kadiri alivyosugua ndivyo kinyaa chake kilivyohama. Mende alimfanya nini? Mende alikuta nyumba wazi, akaingia akazaa. Lakini mtu mwenye akili zake, anayejua kilichomo, aliyekiacha kioze ofisini miaka yote hiyo, akakipangusa juu tu ili kitoke vizuri pichani! Mashehe hawachoki kutwambia: usitoe sadaka kitu ambacho ukipewa wewe utakipokea kwa kufumba macho. Abdulbasit hakuhitaji hata kufumba. Alikuwa akiitazama kamera.

Pini ilipotoka safi, feni bado ilizunguka kwa uzito. Kitu kikawekwa kando ya goti lake. Kilikuwa kikopo cha mafuta ya cherehani ya Bi Mwanaesha, kile asichomruhusu mtu kukigusa. Mwenyewe alikwisha pita, akielekea jikoni, akijifanya anatafuta mwiko.

Tone moja. Feni ikazunguka kwa pumzi ya mdomo.

Abdulbasit alifika baada ya sala ya Ijumaa, kama ada, akala pilau kwa mamake mpaka akajilegeza. Alitoa kijiti cha meno, akamwita Maisara kwa kidole.

"Haya, shemeji, tuonyeshe marehemu."

Mashine ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Maisara akakivua, akabonyeza. Feni ikavuma, laini, ikatoa pumzi ya udi ukumbini. Kijipicha cha kwanza kikawaka. Cha pili. Cha tatu. Roketi. Uwanja wa samawati ukafunguka, na kijiti kikasimama kinywani mwa Abdulbasit.

"Andika, mama," Maisara akamwambia bintiye.

Nabiha alipanda kiti, akatafuta herufi kwa kidole kimoja, ulimi nje: nabiha. Kisha, bila kuambiwa, akaongeza: mwanaesha.

Bi Mwanaesha alisogea, akalitazama jina lake kwenye kioo. Alishika ncha ya kanga yake, akafungua fundo kwa meno, akatoa ufunguo wa chumba cha mbele, akauweka katika kiganja cha Maisara, akavifunga vidole vyake kwa mkono wake mwenyewe.

"Hongera," alisema Abdulbasit. Alikuwa ameinuka, anaizunguka mashine, anainusa. "Kumbe bado nzima hii! Inakimbia kuliko hata zangu. Basi, shemeji, tufanye hivi: nitairudisha ofisini. Yule Levi wangu wa mapokezi hana kitu. Nyinyi nitawatafutia nyingine, mambo polepole. Chumba si mmeshapata?"

Na mikono yake ilikuwa imeshafika kwenye nyaya.

Maisara alihisi ladha ile ya mferejini inarudi kooni. Mke wa mdogo mtu hampandishii sauti kaka mkubwa, si katika nyumba hii, si mbele ya mamake. Maneno yalimjaa, yakanata kama ubani kwenye feni. Aliubana ufunguo mpaka ukamuuma. Chumba kitupu, chenye mlango wa njiani, na wanawake wamekaa mkekani wakitazamana: ndicho alichoachiwa. Alimtazama mavyaa wake. Bi Mwanaesha alimtazama mwanawe mikononi, kwa jicho ambalo Maisara hakuwahi kuliona likimtazama yeyote isipokuwa samaki aliyelala sokoni.

Abdulbasit alichomoa waya wa kwanza. Skrini ikazimika.

Nabiha alishuka kwenye kiti. Alikimbia uani, ndala zikipiga sakafu, akarudi amekumbatia kopo la maziwa ya unga, kifuniko chake kimetobolewa matundu. Ndani ya kopo, chakacha, chakacha-chakacha. Alilishika juu kwa mikono miwili, mpaka likagusa kifua cha kanzu nyeupe.

"Ami, ukichukua kompyuta, chukua na mende wako."