Kipele cha Siku ya Ishirini

Kwaruu.

Kijiti cha kiberiti kilikwaruzwa gizani, kikatoa cheche, kikafa. Kwaruu tena. Safari hii kilishika. Séverine akawasha kibatari, akakisogeza karibu na mkono wake wa kushoto, karibu mno, hata mumewe aliyekuwa bado amejifunika blanketi akasikia harufu ya malaika wa mkono wakiungua.

"Unajichoma, mama," alisema Gratien. "Jogoo hajawika hata mara moja, wewe umeshaanza kazi."

"Kimetoka!"

"Nini kimetoka?"

"Kipele, Baba Audace! Amka uone, kimetoka!"

Gratien akanyanyua kichwa. Upande wa ndani wa mkono wa mkewe, pale wifi yake Générose alipomchoma sindano siku ishirini zilizopita, palikuwa na kipele chekundu, kigumu, kikubwa kama punje ya harage. Kilikuwa na joto la peke yake.

"Dawa imeshika," alisema Séverine. Alikaa kitandani kama mtu aliyetua mzigo. "Siku ya ishirini, na imeshika."

Gratien akautazama uso wa mkewe kwenye mwanga ule wa kibatari. Mikunjo miwili ilianzia pembeni mwa pua, ikashuka ikizunguka mdomo, ikaishia kidevuni, mirefu na yenye kina kama mifereji ya maji ya mvua. Séverine alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mikunjo ilimwanzia mapema, miaka ile ya kulima msitu wa Katumba walipoingia kutoka Burundi, jua likiwapiga usoni toka asubuhi hadi jioni. Sasa hata akiwa ametulia, hata akiwa amelala, mdomo wake ulionekana umevutwa chini, kama wa mtu aliyeudhiwa asubuhi na hajasamehe bado.

"Mimi uso huo niliuzoea zamani," alisema Gratien.

"Wewe si mtoto wa miaka minne."

Gratien akajifunika tena.

Séverine alikuwa mwalimu wa chekechea ya kanisa pale Nsemulwa, mjini Mpanda, kwa miaka tisa. Watoto walikuja, wakamzoea ndani ya wiki moja, wakaimba, wakahesabu vijiti, wakaenda darasa la kwanza. Mwaka huo akaja Nyamizi, binti wa Manyanda, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Nyamizi alikaa mlangoni, mgongo kwa mwalimu, uso nje. Séverine akiinama kumwonyesha herufi, mtoto alipiga ukelele mpaka kuku wa padri wakakimbia. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, na mwezi. Wengine nao wakaanza kuiga. Mmoja akilia, wanne wanafuata.

Manyanda alikwenda kwa Bartolomeo, mwenyekiti wa kamati ya chekechea, mwenye duka la soda karibu na stesheni. Alizungumza kwa adabu, kofia mkononi.

"Mtoto anaota, mzee. Anasema mwalimu amemkasirikia. Na bibi yake pale nyumbani, akisikia habari ya uso wa namna hiyo, anaanza kusema mambo yake ya uchawi. Mimi hayo siyaamini. Lakini bibi anayaamini, na majirani wanamsikiliza."

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyomtia Bartolomeo baridi. Alijua maneno ya aina hiyo yakianza kutembea hayarudi. Akamwita Séverine.

"Mama Audace, kamati itakuja Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Tukikuta watoto wanalia, chekechea tutampa Specioza, yule binti aliyemaliza kidato cha nne. Wewe tutakupa kufua vitambaa vya altare."

"Miaka tisa, Bartolomeo."

"Ndiyo maana nimekupa mpaka mwisho wa mwezi."

Séverine hakulia mbele yake. Alirudi nyumbani, akamkuta Générose amefika kwa treni ya Kaliua, amechoka, ana vumbi mpaka kwenye kope, na kwapani amebana chupa ya chai kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Générose alikuwa dada yake Gratien. Masista walimsomesha uuguzi, akaishia Ubelgiji, na sasa alifanya kazi kwa daktari wa ngozi. Ndani ya chupa ile, zawadi aliyomletea wifi yake, hamkuwa na chai. Mlikuwa na barafu iliyokwisha kuyeyuka, na sindano tatu nyembamba zenye dawa nyeupe kama uji mwepesi. Kolajeni, alisema. Inatengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe. Unaichoma chini ya mkunjo, inaujaza kutoka ndani, ngozi inanyanyuka. Haikai milele, miezi michache tu.

"Kwa hiyo nitalala na mke mwenye ngozi ya ng'ombe?" aliuliza Gratien.

"Kaka, ulivyo, ng'ombe ndiye atakayelalamika."

Séverine alicheka, lakini mawazo yake hayakuwa kwenye utani. Miezi michache ilimtosha. Mtoto akishakuzoea, amekuzoea.

"Nichome leo," alisema.

"Leo nachoma mkono tu, wifi. Kitone kimoja. Tunautazama mwezi mzima, siku ishirini na nane, ndipo niguse uso. Utautazama kila siku. Umesikia? Kila siku."

Séverine alisikia. Akahesabu kwa vidole. Kamati ingekuja siku ya ishirini na sita. Siku mbili kabla. Alitaka kubishana, lakini Générose alikuwa mtu wa kusema neno mara moja. Sindano zilizobaki zikapelekwa kwenye friji la mafuta ya taa la Bartolomeo, zikakaa katikati ya soda, na Générose akaenda Katumba kusalimia ndugu.

Sasa, mtu yeyote wa Mpanda angekwambia maana ya kipele baada ya sindano. Mtoto akichanjwa chanjo ya kifua kikuu, mama anautazama mkono. Uvimbe ukitoka, ukaacha kovu, mama anafurahi: imeshika. Mkono ukibaki laini, muuguzi anakunja uso, anasema mlete tena. Séverine alilea watoto watano kwa hesabu hiyo, na wote walikuwa na kovu. Ndiyo maana kila alfajiri alikwaruza kiberiti, akatazama, akakuta mkono laini, akasikitika. Ndiyo maana siku ya ishirini alishangilia.

Asubuhi ile ile alimtuma mtu wa baiskeli aliyekuwa akienda Katumba: mwambie Générose imeshika, asingoje mwezi, aje. Akawaonyesha wanakwaya. Akapitia dukani kwa Bartolomeo, akakunja mkono wa gauni.

"Unaona? Jumatatu mtakuta mtu mwingine."

"Mimi nataka tu friji langu," alisema Bartolomeo. "Wateja wanauliza ile soda nyembamba ni ya ladha gani."

Générose alifika Alhamisi mchana, juu ya lori la mahindi. Hakusalimia. Aliushika mkono wa wifi yake, akaugeuza kwenye mwanga, akabonyeza. Kipele kilikuwa kimekua, sasa kinawasha, na wekundu umezunguka.

"Kilianza lini?"

"Juzi. Nilikutumia habari siku hiyo hiyo. Kimeshika vizuri, eti?"

Générose akauachia mkono polepole.

"Wifi, hakijashika. Ngozi yako imekataa."

"Imekataaje, na uvimbe huu hapa?"

"Uvimbe ndiyo kukataa kwenyewe. Hii si chanjo. Mkono ukibaki laini, ndipo tunaendelea. Ukivimba, tunaacha." Akajipiga paja. "Kosa langu. Nilikwambia utazame, sikukwambia utazame nini. Kule kila mtu anajua. Nilisahau huku tumekulia na kovu begani."

Séverine akauvuta mkono wake, akakifunika kipele kwa kiganja.

"Nichome hivyo hivyo."

"Hapana."

"Kidogo. Upande mmoja."

"Hicho kilicho mkononi ni kitone. Usoni zinaingia sindano mbili nzima. Unataka Jumatatu kamati ikute uso umevimba kama andazi, mwekundu, na ukae hivyo miezi? Huyo mtoto atakimbia mpaka Kapalamsenga, aingie ziwani."

"Générose, wataninyang'anya watoto."

"Najua. Na sikuchomi."

Jioni ile Générose alikwenda dukani mwenyewe, akazitoa sindano kwenye friji, akazitumbukiza kwenye shimo la choo. Alimjua wifi yake. Zingebaki usiku mmoja, asubuhi angemkuta mbele ya kioo, sindano mkononi.

Siku mbili Séverine alishughulika na nyumba. Alipika, alifua, alikwaruza kiberiti alfajiri kwa mazoea tu, akakiona kipele kile kile, akazima. Jumapili baada ya misa alisimama mbele ya kioo cha Gratien cha kunyolea. Akaivuta mikunjo kwa vidole, ikanyooka. Akaachia, ikarudi. Ngozi yako imekataa. Akalirudia neno lile kwa sauti, na safari hii halikumuuma kama mwanzo. Ngozi ilikuwa yake, na imesema neno lake. Basi na yeye aseme lake. Katika mwezi mzima ule wa kilio alikuwa ameuficha uso, amegeukia ubao, amejifunika kanga mpaka kidevuni, akisubiri dawa. Hakuna hata siku moja aliyomwambia mtoto yule kwamba hajanuna. Nani alikuwa amwambie?

Akajifunga kanga, akaenda moja kwa moja kwa Bartolomeo.

"Kesho msije saa nne. Njooni saa mbili, kengele ikilia. Mkae ndani toka mwanzo. Na Manyanda aje."

"Mama Audace, unajitafutia nini? Saa nne wanakuwa wamechoka kulia."

"Ndiyo maana nasema saa mbili."

Jumatatu alivaa gauni la mikono mifupi, maana nguo ilikuwa ikikwaruza kipele. Hakujifunika kanga. Bartolomeo na wanakamati wenzake walikaa kwenye benchi la nyuma, yeye na daftari lake. Manyanda akasimama karibu na dirisha, fimbo ameiegemeza ukutani.

"Mwangaluka, baba," alimsalimia Séverine kwa Kisukuma kidogo alichonacho. Manyanda akashtuka, akaitikia.

Nyamizi aliingia akichechemea. Wiki iliyopita aliugua malaria, akachomwa sindano ya paja kwenye zahanati, na bado alikuwa akilionyesha paja kwa kila aliyepita njiani. Akakaa mlangoni, uso nje. Watoto wengine wakatazamana, tayari kufuata.

Séverine hakwenda ubaoni. Alishuka, akakaa chini kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kwa mtoto, miguu ameinyoosha kama wao. Magoti yalilia. Watoto wakacheka.

"Leo hatuhesabu vijiti," alisema. "Leo mnaniuliza. Mtu yeyote, swali lolote, nami najibu."

Osward, mtoto wa fundi baiskeli, ambaye hakuwa na aibu ya kitu chochote duniani, akainua mkono.

"Mwalimu, kwa nini umenuna?"

Bartolomeo akakohoa. Séverine hakugeuka.

"Sijanuna. Hii ni mikunjo. Nililima juani miaka mingi, ngozi ikakunjika hapa, na hapa. Shati lako ukilikalia si linakunjika?"

"Linakunjika."

"Basi. Ndani ya shati wewe hujanuna."

Osward akaangalia shati lake, akaridhika. Mwingine akauliza mikunjo inauma. Mwingine akauliza kwa nini haipigi pasi, na darasa zima likaangua kicheko, Séverine mwenyewe akiwemo. Akicheka, mikunjo ile iliinuka yote kwa pamoja, na watoto wakaona.

"Nilijaribu," alisema. "Nilichomwa dawa ya kuinyoosha. Hapa. Ikakataa."

Akanyoosha mkono. Kipele kilikuwa katikati, chekundu, kinang'aa. Watoto wakasogea kwa magoti, wakagombania kuona.

Mlangoni, kichwa kimoja kiligeuka. Nyamizi aliutazama mkono, hakuutazama uso. Akasimama, akachechemea hatua moja, ya pili, akafika. Akanyoosha kidole, akakisimamisha hewani juu ya kipele.

"Sindano?" alinong'ona.

"Sindano."

"Kubwa?"

"Ilikuwa na mdomo mrefu hivi."

Mtoto akavuta gauni lake juu, akaonyesha paja. "Mimi hapa."

"Pole, mama. Ulilia?"

Nyamizi akafikiri. Akaitika kwa kichwa.

"Na wewe?"

"Niliuma meno," alisema Séverine.

Hapo ndipo Nyamizi alipoinua macho. Aliutazama uso ule kwa muda mrefu, akiupima, upande mmoja, upande wa pili, kama mtu anayemtafuta ng'ombe wake katika kundi la wengine. Kidole kikashuka, kikagusa kipele, kikarudi haraka. Kisha akakaa chini, ubavu kwa ubavu na mwalimu, akakunja mguu wake mzima, akiuhurumia ule uliochomwa sindano.

Kalamu ya Bartolomeo ilikuwa juu ya daftari, haijaandika kitu. Manyanda alikuwa amekuja tayari kumchukua binti yake, na mtu aliyekuja tayari huona shida kubadilika mara moja. Akachukua fimbo.

"Nyamizi, ng'wana wane, mwanangu. Njoo twende."

Mtoto hakusogea. Alimtazama baba yake, kisha kipele, kisha baba yake tena, akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima:

"Baba, mwalimu alichomwa sindano na hakulia."