Allal Hayupo

Kijijini Tizirt, juu milimani, mtoto alifundishwa kusema "hayupo" kabla hajafundishwa kusali. Mgeni mwenye viatu vya mjini akiuliza Allal yuko wapi, jibu ni hayupo, ameenda sokoni. Mfeddal je? Hayupo naye, wamefuatana. Na huku Allal mwenyewe amekaa nyuma ya mlango anapuliza chai yake ya mnanaa. Watu wa milima ile hawakuuita uongo. Waliuita adabu, kwa sababu karibu kila mwanamume mzima alikuwa akitafutwa na askari kwa kosa lilelile la kulima bangi, na kwenye mawe yale hakuna kingine kilichokubali kuota.

Kisha sheria ikageuka. Serikali ikasema bangi ya dawa na ya viwandani ni halali, ilimradi mkulima awe na leseni, na baadaye ukatoka msamaha kwa wote waliokuwa wakitafutwa. Wengi kijijini walicheka mpaka wakashika mbavu. Fettouma hakucheka. Alipanda punda, akashuka mjini, akauliza kila alilotaka kuuliza, akarudi na kuzikusanya nyumba kumi na tisa kuwa ushirika. Kura hakuomba. Aliwaambia tu kwamba yeye ndiye mwenyekiti, na wanaume wakatazamana, wakaona hakuna mwenye ubavu wa kumbishia.

Aliyembishia alikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Msamaha ni mtego," alisema mumewe, Allal, asubuhi moja wakila mkate wa shayiri na mafuta ya zeituni. "Wanataka tutoke mashimoni tujipange mstari, wapate kutukamata bila jasho."

"Wangetaka kukukamata wewe, mguu huo mbovu usingekufikisha mbali."

"Haya, Mama Yamna, nijibu. Mmea ni uleule?"

"Uleule."

"Shamba ni lilelile?"

"Lilelile, na mawe yake."

"Basi jana nilikuwa mhalifu, leo nimekuwa mkulima bora, na sijabadili hata jembe. Aliyeniamsha halali asubuhi anashindwaje kunilaza haramu jioni?"

"Hashindwi," alisema Fettouma. "Lakini akijaribu, atazikuta nyumba kumi na tisa zina leseni, zina wakili, na zina mdomo. Jana ulikuwa na nini, Baba Yamna? Ulikuwa na dirisha la zizi."

Hilo lilimchoma Allal. Ilikuwa kweli. Gari likinguruma bondeni, alipita dirisha la zizi na kupanda msitu wa mierezi, akalala huko kama mbweha. Msamaha ulipotoka, hakuacha. Hakuwa na kitambulisho, na hakutaka kwenda kukiomba. Yamna, binti yao wa pekee, aliolewa mji wa Tetouan bila baba yake, akajifungua hukohuko, na babu mtu hajamtia mjukuu machoni. Fettouma alimpenda mume huyu kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele za watu. Si bei ya kiwanda kitakachonunua mavuno yao iliyomkosesha usingizi. Alitaka siku moja washuke barabarani wote wawili, mchana kweupe, waende kumbeba mtoto wa Yamna.

Leseni ilikuja na sharti. Bangi yote ya zamani isalimishwe, na ile kazi ya kukung'uta ikome. Kila nyumba ilikuwa na karai lake: unatandaza kitambaa chembamba juu, unapanga bangi kavu, unafunika kwa plastiki, unapiga kwa fimbo mbili mpaka unga wa hashishi udondoke chini. Wakati wa baridi mlima mzima ulikuwa ukilia kama ngoma. Wanachama wakaapa kwamba wameacha. Ikikutwa kwa mmoja, leseni ya wote inakufa. Fettouma ndiye aliyewaapisha, na Allal aliapa wa kwanza, kwa sauti kubwa mno, jambo ambalo lingepaswa kumtia mkewe wasiwasi.

Mkaguzi wa serikali alikuwa aje Alhamisi. Akaja Jumatano, kwa kuwa redio ilitangaza theluji. Aliitwa Jaouad, kijana wa mjini Kenitra, viatu vimelowa na mafua yamemkaba. Wakampokea kwa Mfeddal, mwenye chumba kikubwa kuliko wote, wakampa blanketi na chai, na wanachama wakajaa mpaka mlangoni. Allal tu ndiye aliyekosekana. Asubuhi, kabla mkaguzi hajafika, alikuwa amemwambia mkewe kwamba anaziba paa la zizi.

Mfeddal alikuwa mzee mwembamba mwenye kiko kirefu, na ulimi mrefu kuliko kiko.

"Bwana mkaguzi, nisaidie mimi mjinga," alisema. "Bangi yangu ikienda kiwandani, ikawa mafuta ya kuchulia magoti ya Wafaransa, ni halali?"

"Halali, mzee wangu."

"Ikiingia kwenye kiko hiki, nikavuta mkupuo mmoja baada ya kula, kama alivyofanya babu yangu?"

"Haramu. Kwa sasa."

"Kwa hiyo magoti ya Mfaransa yana haki, mapafu yangu hayana."

Chumba kizima kikacheka. Jaouad naye alicheka, akapenga kamasi. "Mzee, mimi sikuitunga sheria, natumwa nayo tu. Wapo hata ofisini kwetu wanaosema iachiwe yote, na wapo wanaosema tumeshakwenda mbali mno. Mkitaka ipanuliwe, semeni. Lakini aseme mtu mwenye jina. Hakuna waziri atakayesikiliza kijiji ambacho kila ukiuliza, watu hawapo."

Fettouma alipenda jibu lile. Alikuwa anafungua mdomo aseme ndilo nililowaambia, ndipo ngoma ikaanza.

Ilitoka upande wa juu, kavu na safi, kama inavyokuwa hewa ikiwa baridi. Pale Tizirt mkono wa mtu kwenye karai ulijulikana kama sauti yake. Mkono huu ulipiga mara mbili kwa kulia, halafu kushoto kukachelewa kidogo, kwa sababu ya kidole kilichovunjika zamani kikaungwa vibaya. Ujana wake wote Fettouma alikuwa akiusikia mkono huo, na ulimtuliza moyo. Mjinga huyu alidhani mkaguzi ni wa kesho.

"Kuna harusi?" aliuliza Jaouad.

"Harusi, bwana," alidakia Mfeddal.

"Januari hii?"

"Bibi harusi ana haraka."

Watu wakainamia glasi zao. Jaouad akaweka blanketi kando. "Basi siwezi kupita bila kumpa bwana harusi mkono wa pongezi."

"Hayupo," alisema Mfeddal, na mdomo ulikuwa umeshakimbia kabla ya akili. "Ameenda sokoni."

Ngoma ikaendelea. Mbili kulia, moja ya kuchelewa kushoto.

Jaouad hakuwa mpumbavu. Fettouma alimtazama usoni akaona kwamba kijana alikuwa tayari kudanganywa. Alikuwa na mafua, theluji inakuja, na ukimpa harusi ataipokea na kushuka mlima. Neno moja tu lilitakiwa, na Fettouma alilijua tangu utotoni. Lakini akilisema, ushirika wake utakuwa nyumba ileile ya kujificha, imepakwa rangi tu. Na Allal atakuwa hayupo mpaka siku ya kuzikwa. Hasira zikampanda, hasira zilizomsaidia.

"Hakuna harusi," alisema. "Huyo ni mume wangu. Anaitwa Allal, mwana wa Haddou. Anakung'uta bangi ya zamani, ambayo mimi nilikuambia imekwisha."

Mama mmoja alijipiga mapajani. Mfeddal alisimama. "Fettouma, umetuuza."

"Nimewauza kwa nani? Wote mmemsikia, na wote mnaujua mkono wake. Mlitaka tuanze kazi ya halali kwa kumtafutia Allal mke wa pili?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Jaouad aliweka glasi chini taratibu.

"Nisikilizeni vizuri," alisema. "Nikiingia mle nikaikuta mimi, ni mali iliyofichwa, na leseni yenu ndiyo mwisho wake. Mwenye mali akiileta mwenyewe kabla sijaitafuta, akasema jina lake, tukaichoma, hiyo ni mali iliyosalimishwa. Ndivyo kanuni inavyosema. Ila awe yeye. Si mkewe, si mwenyekiti."

"Mwenyekiti na mkewe ni mtu mmoja," alisema Fettouma, "na wote wawili wanakuelewa. Askari je?"

"Kwa mali iliyosalimishwa siwaiti askari."

Wakapanda wote, msafara kama wa harusi kweli. Mbwa wakabweka, ngoma ikakatika. Walipofika, karai lilikuwa katikati ya zizi na fimbo mbili zimetupwa kwenye majani ya punda. Dirisha lilikuwa wazi. Nyayo zilikata barafu nyembamba ya alfajiri, moja imara na moja ya kuburuta, mpaka kwenye mierezi.

"Sasa hayupo kweli," alinong'ona Mfeddal.

Jaouad alibaki nje ya mlango wa zizi, ameligeuzia karai mgongo, na Fettouma akaona kwamba kijana anafanya hivyo kwa makusudi. Hakuwa na muda wa kumshukuru. Alikwenda mpaka kwenye uwanja wa kupuria, juu ya jiwe la katikati, akaelekea msituni. Mpaka siku hiyo, katika maisha yao yote ya ndoa, hakuwahi kumwita mumewe kwa jina. Mke wa Tizirt husema Baba fulani, na palipo na mgeni hasemi kitu.

"Allal," aliita. "Allal wa Haddou."

Jina likapiga ng'ambo ya bonde na kurudi. Wanawake nyuma yake wakavuta pumzi.

"Nimeshakutaja kwa mtu wa serikali. Hakuna kilichobaki cha kuficha ila wewe mwenyewe. Nyumba kumi na tisa zinakungoja, na mimi nakungoja. Sitakufuata huko, magoti yangu hayana mafuta ya Ulaya. Shuka."

Jaouad akatazama mawingu. "Mama, theluji ikinifungia huku mtanilisha mpaka Machi."

"Utakula bisara ya maharage kama sisi," alisema Fettouma, bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa imara.

Allal alitokea kati ya miti miwili, kofia ya joho imemfunika uso. Hakuwa mikono mitupu. Mgongoni alibeba gunia, gunia ambalo Fettouma hakulijua kabisa, lililofichwa hukohuko msituni. Alishuka kwa mguu wake wa kuburuta, polepole, akapita mbele ya majirani zake bila kumtazama mtu, akalitua miguuni pa mkaguzi. Akaingia zizini, akatoa na gunia lingine alilokuwa akilikung'uta, na karai, na unga wake. Kisha akasimama, akimtazama mkewe kwa jicho ambalo lingeweza kuchemsha maji.

"Wewe ni nani?" aliuliza Jaouad, kama alivyotakiwa kuuliza.

Midomo kadhaa ilitikisika yenyewe, tayari kusema hayupo. Allal alishusha kofia.

"Allal, mwana wa Haddou," alisema. "Shamba la juu ni langu, na lilikuwa la baba yangu. Nililima bangi miaka yote mliyokuwa mkinitafuta. Haya magunia nilimficha hata mke wangu. Yeye hana kosa."

Jaouad aliandika. Allal akangoja. Alikuwa ameitoa mikono mbele kidogo, pamoja, na Fettouma alipoona vile moyo ulimuuma kuliko ulivyomuuma siku ya harusi ya Yamna. Lakini hakuna aliyeishika mikono ile. Jaouad alipapasa mifuko, akauliza nani ana kiberiti.

Wakachoma pale pale uwanjani. Moshi ulikuwa mzito, na Mfeddal alisimama upande unakoelekea upepo, macho ameyafumba. Walipomwambia asogee alisema mguu umekufa ganzi. Chembe za kwanza za theluji zikaanza kuanguka, na Jaouad akafunga kalamu yake.

"Usiifunge," alisema Allal.

"Kuna gunia lingine?"

"Kuna maneno. Andika kwamba mbegu za kigeni mlizogawa bonde la chini zinakunywa chemchemi yote. Mbegu ya babu zetu inatosheka na mvua. Andika kwamba bei yenu ni ya dhihaka. Na andika kwamba yule mzee aachwe avute kiko chake, maana kama mmea umekuwa halali, mwenye mmea naye awe halali."

Mfeddal alifumbua jicho moja. Jaouad akafungua tena kalamu, akageuza ukurasa.

"Hayo ni malalamiko," alisema. "Malalamiko lazima yawe na jina."

"Unalo."

"Na jibu halitaletwa huku. Litakuwa ofisini mjini, na atapewa mwenyewe, kwa kitambulisho. Utalifuata?"

Allal alitazama barabara iliyokuwa ikishuka bondeni, nyeupe pembeni, nyeusi katikati. Kisha akajifuta theluji kwenye nyusi na kumgeukia mkewe, na jicho lake halikuwa kali tena.

"Theluji ikiyeyuka nitalifuata," alisema. "Fettouma, tafuta asali ya kumpelekea mtoto wa Yamna. Tukishafika mjini, Tetouan hakuko mbali."

Naye hakuwa amewahi kumwita kwa jina mbele ya watu. Fettouma, mwenye jibu kwa kila mtu, akaingia ndani haraka kuangalia kama asali ipo.