Maji Ndani ya Gia

Luka alipolegeza skrubu ya chini ya gia ya injini ya boti, oili haikutoka na rangi ya asali. Ilitoka nyeupe, nzito, kama chai ya maziwa iliyolala. Akachovya kidole, akakisugua, kisha akasimama pale ufukweni mwa Ziwa Rukwa na kupaza sauti.

"Oili imetiwa maji. Na oili yote ya boti hii hutoka stoo, kwa Damiano."

Alikuwa fundi pekee wa injini kutoka ziwani hadi Ndalambo, na hilo alilijua kuliko mtu mwingine yeyote. Kabla umande haujakauka, Efraimu, msimamizi wa kambi ya kupambana na nzige, alikuwa amempokonya Damiano funguo na kumfunga mikono kwa kamba. Mtunza stoo anayeuza oili ya serikali na kujazia maji, alisema, kesi yake iko bomani Mbeya. Lori la kumpeleka huko lingeondoka saa sita. Damiano alisema mara moja tu kwamba hakugusa kitu, akakaa kwenye kivuli cha lori, akiitazama ile kamba.

Mkewe, Yunisi, ndiye aliyekuja na makaa na kigae cha chungu. Akamweleza Efraimu kwamba yeye hukamua mafuta ya nyonyo, na nyonyo huchemshwa na maji. Ukitaka kujua kama maji yamekwisha, dondosha tone kwenye kigae cha moto. Likilia, maji yamo. Debe la oili lililojaza gia wiki iliyopita lingali stoo, halijamalizika. Liletwe, nalo lijisemee.

Luka akacheka. Injini ya Kizungu ipimwe kwa kigae cha jikoni? Lakini Efraimu alitazama jua, akaagiza debe.

Tone la gia likaja kwanza. Likalia, likarukaruka kama bisi. Kisha Luka mwenyewe akalitikisa debe kwa nguvu, maji yasije yakajificha chini, akadondosha. Tone likatanda, likatoa moshi mwembamba, kimya. Akadondosha la pili. La tatu. Kimya.

"Haya, bwana fundi," alisema Yunisi. "Debe limekataa. Maji yametoka wapi?"

Luka akaigeukia injini. Kama maji hayakuja na oili, yametoka ziwani, na ziwa lina mlango mmoja: mpira wa kuzuia maji, nyuma ya pangaboi linaloisukuma boti. Akachukua spana. Dereva wa lori alikwisha kupiga honi. Pini ilikuwa na kutu, ikamchubua vidole kabla haijakubali. Pangaboi likatoka. Nyuma yake shafti ilikuwa imezungushiwa uzi, duru juu ya duru, nao ulikuwa umeukata mpira kama kisu.

Efraimu alishusha pumzi. Ni wavuvi hawa, alisema, na nyavu zao za kutupwa ovyo. Kwa Luka njia ikawa hiyo, wazi na pana. Damiano angefunguliwa na lawama ingezama ziwani.

Lakini wavuvi walisuka nyavu kwa katani. Uzi huu ulikuwa wa tairi, umechambuliwa na kusokotwa mara tatu, na ufuko mzima ulikuwa na mtu mmoja tu wa kuvua kwa uzi huo: jioni, boti ikirudi kambini, ndoano ikiburutwa nyuma, usukani chini ya kwapa. Jumamosi samaki alimkatia uzi. Hakuzima injini kutazama ulikokwenda.

Grisi ilikuwa imeupaka weusi. Hakuna mwingine ambaye angeutambua.

"Ni wangu," alisema Luka, akiutazama mchanga. "Uzi ni wangu."

Efraimu aliamuru Damiano afunguliwe, kisha akanyoosha mkono kudai spana. Luka asingeigusa tena boti hiyo. Luka akampa. Hilo alilitarajia. Hakutarajia Yunisi asimame mbele yake na kukataa kumpisha.

"Asubuhi ulimtangaza mume wangu hadi ng'ambo," alisema. "Sasa unanong'ona. Waliosikia lile wasikie na hili."

Luka akawatazama wavuvi, wanawake wenye mitungi, dereva juu ya lori. Damiano alikuwa akisugua vifundo vya mikono, hakumtazama. Luka akajaza kifua, akalitaja jina la Damiano kwanza, kwamba hana kosa, kisha lake. Sauti ikampasuka katikati, lakini hakuipunguza.